Windows 7, XP na wazee wengine waliostaafu: maswali yanayoulizwa mara kwa mara

Maswali haya naulizwa kaunta, naulizwa kwenye simu saa tatu usiku, na mara moja niliulizwa msibani. Mengi yanahusu Windows 7, kwa kuwa ndiyo bado imejaa kwenye steshenari, zahanati na maduka ya vifaa vya ujenzi. Majibu mengi yanazifaa XP na 8.1 pia, na sasa hata Windows 10 imeingia huko huko.

Kompyuta yangu inawaka, inachapa, haina shida yoyote. Imepitwa na wakati kwa vipi?

Mashine haijaharibika. Kilichoisha ni huduma ya mtengenezaji. Kila mfumo una matundu ambayo hakuna aliyeyaona siku ulipotoka, na hugunduliwa polepole, mwaka baada ya mwaka. Kwa kawaida Microsoft hutoa viraka vya kuyaziba Jumanne ya pili ya kila mwezi. XP, iliyotoka mwaka 2001, iliacha kupata viraka 8 Aprili 2014. Windows 7 ilifuata 14 Januari 2020, ingawa kampuni zilizolipia ziliongezewa muda hadi Januari 2023. Mwezi huo huo 8.1 nayo ikafungiwa. Windows 10 ilifika mwisho wake 14 Oktoba 2025.

Kuna jambo jingine ambalo wengi hawalifikirii. Kiraka kinachotolewa leo kwa ajili ya Windows 11 ni ramani kwa mwizi. Anachukua faili la kabla na la baada, anayalinganisha, anajua tundu lilikuwa wapi. Kisha anakwenda kulijaribu kwenye mifumo ya zamani, maana sehemu nyingi za ndani zimerithiwa toka huko. Kwa hiyo mfumo uliostaafu hausimami pale ulipoachwa siku ile. Kila mwezi unazidi kuwa mwepesi kuingiliwa, hata kama hukugusa kitu.

Mimi nina duka dogo. Nani atahangaika na mimi?

Hakuna mtu atakayekaa kitako kukufikiria wewe. Wizi wa namna hii hufanywa na programu inayogonga kila mlango wa intaneti, nyumba kwa nyumba, bila kujua ndani yuko nani.

Mfano unaofaa ni WannaCry ya Ijumaa, 12 Mei 2017. Virusi vile vilikuwa vinasimba mafaili, yaani vinayafunga yasisomeke bila ufunguo, kisha vinadai dola 300 kwa bitcoin. Vilifika nchi zaidi ya 150 ndani ya siku chache. Huko Uingereza hospitali zilirudisha wagonjwa nyumbani na kuahirisha maelfu ya miadi. Haikuhitajika mtu akosee kufungua barua pepe ndipo mashine ya jirani iambukizwe: virusi vilipita vyenyewe kwenye mtandao, kwa kutumia tundu la njia ya zamani ya kushirikishana mafaili iitwayo SMB toleo la 1. Kompyuta moja ikipata, ofisi nzima inapata.

Watu hupenda kusema XP ndiyo iliyoponza dunia siku ile. Si kweli. XP nyingi zilizovamiwa ziligoma tu na kuonyesha ule ukurasa wa bluu. Mashine nyingi zaidi zilizoambukizwa zilikuwa Windows 7, ambayo wakati huo ilikuwa bado inahudumiwa, na kiraka chake kilikuwa kimetoka tangu 14 Machi, karibu miezi miwili kabla. Wenyewe hawakukiweka. Kwa hapa kwetu sababu naijua: bando. Mtu akiona Windows imekula bando la wiki kwa kusasisha, anazima usasishaji moja kwa moja na hakumbuki tena kuuwasha. Kwa hiyo Windows 7 nyingi ninazoletewa hazijaishia Januari 2020. Zimeishia siku fundi alipopiga Windows ile.

Basi kabla ya yote nifanye nini?

Angalia kwanza kama ina viraka vyote vilivyowahi kutolewa bure. Kwa Windows 7 anza na Service Pack 1, yaani furushi kubwa la viraka. Kwa XP, Service Pack 3. Hata kwa XP, Microsoft ilirudi nyuma zaidi ya mara moja kutoa kiraka cha dharura baada ya kuiacha, hasa Mei 2017 kwa ajili ya WannaCry, na Mei 2019 kwa ajili ya tundu la BlueKeep lililokuwa kwenye huduma ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali. Kampuni hairudi nyuma namna hiyo kwa kupenda. Kama mashine yako haina viraka hivyo viwili, mengine yote ninayosema hapa yasubiri.

Nihame au nibaki?

Kama kazi yako ni kuandika barua, kuchapa, kufungua tovuti na barua pepe, hama. Huna sababu ya kubaki, na gharama ya kuhama inaweza kuwa sifuri (tazama hapo chini swali la Linux, mfumo mwingine wa bure).

Sababu ya kweli ya kubaki huwa ni kifaa. Mashine ya kutarizi ambayo programu yake inaishia XP na inadai ufunguo, yaani kifaa kidogo cha kuthibitisha leseni, wa kuchomeka kwenye tundu la printa ya zamani. Plota ya kukata stika inayotumia waya wa zamani uitwao serial. Mashine ya maabara iliyokuja na kompyuta yake, na aliyeiuza hana tena dereva mpya, yaani programu ya kuiwezesha Windows kuongea na kifaa. Programu ya mahesabu ya mwaka 2009 yenye madeni ya wateja wote. Hapo kumwambia mtu anunue kompyuta mpya ni kumwambia anunue mtambo mzima, na mtambo ni mamilioni. Nampa haki yake. Abaki, lakini abaki kwa masharti.

Sharti kubwa ni moja, na karibu kila ninachosema baada ya hapa ni tawi lake: kompyuta ya zamani ipewe kazi moja tu. Ya kutarizi itarizi. Isitumike kuangalia mpira, isitumike kuchaji simu za wateja, isifungue barua pepe ya mtu. Kila kazi unayoiongezea ni mlango mwingine, na milango ya nyumba hii haina tena fundi wa kuitengeneza.

Niikate mtandao kabisa?

Ndiyo, kama kazi yake haihitaji mtandao. Na kazi nyingi nilizotaja hazihitaji.

Kukata maana yake si kuzima Wi-Fi kwa kubonyeza kitufe, kwani kijana wa zamu ya jioni ataiwasha tena akitaka kusikiliza muziki. Ondoa waya. Ingia kwenye mpangilio wa awali wa mashine, ule unaoingilia kwa F2 au Delete kabla Windows haijawaka, uzime kadi ya mtandao huko huko, kisha uweke nywila. Kama ni ya mezani na kadi ya Wi-Fi inatoka, itoe uiweke kwenye droo. Kisha bandika karatasi juu ya CPU: HII HAIUNGWI MTANDAO. Karatasi hiyo imesaidia wateja wangu kuliko antivirasi nyingi, maana anayeharibu mara nyingi ni msaidizi mwenye nia njema.

Sasa mafaili nitayaingizaje? Nitatumia flashi.

Utatumia flashi, na hapa ndipo wengi wanapoponea mlangoni na kuingiliwa dirishani. Mtambo wa kurutubisha urani wa Natanz kule Iran haukuwa umeunganishwa na intaneti, lakini Stuxnet, iliyogunduliwa mwaka 2010, iliufikia, na inaaminika ilibebwa kwenye flashi. Tundu mojawapo ililotumia lilikuwa kwenye aikoni za njia ya mkato. Hukuhitaji kubofya kitu. Kufungua folda na kuiona aikoni kulitosha.

Sisi tuna ndugu yake mdogo ambaye kila mwenye steshenari anamjua: virusi vya shortcut. Mteja anakuja na flashi, mafolda yake yote yamegeuka mishale midogo, anabofya, mashine yako inapata, na wateja kumi wanaofuata wanaondoka nayo. Mafaili ya mteja kwa kawaida hayajafutwa, yamefichwa tu. Kwenye dirisha la amri, kama flashi ni herufi E, andika `attrib -h -r -s /s /d E:\*.*` na yatajitokeza. Ila fanya hivyo kwenye mashine nyingine, si kwenye ile unayoilinda.

Utaratibu ninaoupendekeza ni huu. Nunua flashi moja ya mashine ile, ya rangi yake, isichomekwe kwa mteja wala nyumbani. Flashi ya mteja iingie kwanza kwenye kompyuta inayohudumiwa, au ya Linux, ikaguliwe, na faili linalohitajika tu, tuseme mchoro wa kutarizi, linakiliwe kwenda kwenye flashi yako. Faili lolote lenye mkia wa .exe, .scr au .lnk lisivuke hata siku moja. Kwenye XP zima pia uwezo wa flashi kujiendesha inapochomekwa. Windows 7 ilitoka ikiwa imeshazimiwa jambo hilo kwa flashi, na XP iliongezewa kwa kiraka cha mwaka 2011, baada ya mdudu aitwaye Conficker kusambaa kwa njia hiyo kwa zaidi ya miaka miwili.

Najua utaratibu huu unachosha. Siku ya foleni utashawishika kuuruka.

Na kama lazima iwe kwenye mtandao, kwa mfano kuna printa ya pamoja?

Itenge. Ruta nyingi za siku hizi zina mtandao wa wageni. Huo mara nyingi hauruhusu vifaa vyake kuongea na vya mtandao mkuu. Iweke mashine ya zamani huko, peke yake. Ruta yako ikiwa haina, ruta ya pili ya bei ndogo inafanya kazi hiyo. Windows 7 ikikuuliza mtandao huu ni wa nyumbani, wa kazini au wa hadharani, chagua wa hadharani hata kama uko sebuleni kwako, ili ukuta wa moto (firewall, kichujio cha mawasiliano ya mtandao) ukaze masharti. Kama huhitaji kushirikisha mafaili, fungua sifa za kadi ya mtandao uondoe tiki kwenye kushirikisha mafaili na printa. Huduma ya kuendesha kompyuta ukiwa mbali izimwe. Na kwenye ruta hakikisha hakuna aliyewahi kufungua mlango namba 445 (wa kushirikishana mafaili) au 3389 (wa kuendesha kompyuta ukiwa mbali) kuelekea ndani. Nimekuta 3389 iko wazi mara kadhaa, imefunguliwa na fundi aliyetaka kuhudumia wateja akiwa kwake kitandani.

Kosa moja hurudiwa sana na linaonekana kama ufundi. XP haijui njia nyingine ya kushirikishana mafaili isipokuwa ile SMB toleo la 1. Windows 10 tangu mwishoni mwa mwaka 2017, na Windows 11, hazikuji nayo ikiwa imewashwa, kwa sababu njia hiyo haina usalama, kama WannaCry ilivyoonyesha. Sasa fundi anataka XP ione folda kwenye kompyuta mpya, anaiwasha SMB 1 kwenye ile mpya, mambo yanakubali, analipwa. Amebomoa ukuta wa nyumba mpya ili upatane na ule wa zamani. Mashine za fotokopi za zamani zinazotuma skani kwenye folda zina tatizo hilo hilo. Afadhali skani iende kwenye flashi, au kwa FTP ya ndani (njia nyingine ya kutuma mafaili) kama fotokopi inaiweza.

Nitumie kivinjari gani?

Kwenye Windows 7 na 8.1, Chrome iliishia toleo la 109, Januari 2023. Bado inafungua tovuti, lakini matundu yake hayazibwi. Firefox imekuwa na huruma zaidi. Tawi lake la muda mrefu, ESR 115, liliendelea kupata viraka kwa ajili ya Windows 7 miaka mingi baada ya wengine kuondoka, na Mozilla imeusogeza mwisho wake zaidi ya mara moja. Angalia tarehe ya sasisho la mwisho kwenye mashine yako. Ikiwa imepita miezi kadhaa bila kitu, ujue nayo imefika. Kwa XP Firefox iliisha mwaka 2018 na hakuna cha kupendekeza. XP isiingie intaneti. Nimeulizwa hili kwa namna kumi tofauti na jibu halijabadilika.

Hata ukiwa na Firefox nzuri, benki, barua pepe na mfumo wa kodi usivifungulie kwenye mashine hii. Simu yako inayopata masasisho ni salama kuliko Windows 7 yenye skrini ya inchi 24. Kukodolea macho kioo kidogo ni usumbufu, lakini kuliwa akaunti ni usumbufu zaidi.

Tovuti zote zinaniambia muunganisho si salama. Nimeingiliwa?

Mara nyingi hapana. Tazama saa kwanza, chini kulia. Ikisema mwaka 2009, betri ya ubao mama imekufa. Ni ile ya duara kama sarafu, CR2032, haifiki bei ya chakula cha mchana. Vyeti vya tovuti, yaani vitambulisho vyake vya kidijitali, vina tarehe za kuanza na kuisha, kwa hiyo kompyuta inayodhani iko mwaka 2009 inaona kila cheti hakijaanza kutumika. Badilisha betri, weka saa, mambo yanarudi.

Kama saa ni sahihi, huenda orodha ya vyeti ndani ya Windows ndiyo imezeeka. 30 Septemba 2021 cheti kikuu kimoja kilichotegemewa na tovuti nyingi mno kiliisha muda, na mashine zisizosasishwa zikaanza kulalamika siku hiyo hiyo. Firefox hubeba orodha yake yenyewe, ndiyo maana inaweza kufungua pale kivinjari kingine kinapogoma. Usizoee kubofya sehemu ya kuendelea hivyo hivyo. Siku tahadhari itakapokuwa ya kweli utaipita kwa mazoea.

Nina antivirasi. Haitoshi?

Haitoshi. Ni mlinzi wa getini, na ukuta wenyewe una tundu. Iweke kama bado inakubali mfumo wako na inasasishwa. Ikiwa haisasishwi inakula mwendo wa mashine bure, itoe.

Kuna mpangilio wa bure unaosaidia kuliko antivirasi?

Upo: usifanye kazi ukiwa msimamizi wa kompyuta. Tengeneza akaunti ya kawaida kwa kazi za kila siku, na ya msimamizi ibaki na nywila ambayo vijana wa dukani hawaijui. Programu mbaya ikiingia inapata uwezo ule ule alionao aliyeifungua, basi mpe uwezo mdogo. Programu chache za enzi za XP hugoma bila usimamizi. Mara nyingi zinataka tu ruhusa ya kuandika kwenye folda lao, zipe ruhusa kwenye folda hilo pekee.

Fundi alinipigia Windows ya kukraki. Ina madhara?

Naongea kama mtu wa mtaa huu huu, sitajifanya sijawahi kuiona. Shida kubwa ni kwamba kile kiprogramu cha kuamsha Windows kinadai uzime antivirasi kabla ya kukiendesha, na kinaendeshwa kama msimamizi. Umempa mgeni usiyemjua ufunguo wa nyumba na kumfunga mbwa. Vingine ni safi, vingine vimebeba mzigo, na kwa macho huwezi kutofautisha. Halafu matoleo mengi ya kuchakachuliwa yamezimiwa masasisho kwa makusudi, kwa hiyo hata viraka vya bure havikuwahi kuingia. Kompyuta nyingi za mtumba za kampuni kutoka nje zina leseni halali iliyobandikwa ubavuni au iliyo ndani ya mashine. Mwambie fundi aitumie hiyo.

Kuhusu kutunza nakala: nina diski ya nje, naichomeka muda wote.

Hapo nina kidonda. Duka moja nililokuwa nalihudumia lilikuwa na Windows 7 yenye rekodi za miaka sita, na nakala ilikuwa ikijitengeneza yenyewe kila usiku kwenye diski ya nje. Mimi ndiye niliyepanga hivyo, na nilijiona fundi. Virusi vya kudai fidia vilipoingia vilifunga mafaili ya kompyuta, kisha vikaenda herufi inayofuata, vikafunga diski ya nje, nakala na yote. Tuliokoa kilichokuwepo kwenye barua pepe ya mhasibu na kwenye karatasi. Mwenye duka hakunigombeza, jambo ambalo lilikuwa baya kuliko kugombezwa.

Tangu hapo: diski ichomekwe, inakili, ichomolewe, iwekwe kabatini. Ziwe mbili za kupokezana, moja ikae nyumba nyingine kabisa, kwani moto na mwizi hawachagui. Na mara moja kwa miezi michache fungua faili moja la nakala uone kama linafunguka.

Kwa mashine yenye kifaa maalumu, nakala ya mafaili peke yake haikusaidii, kwa sababu CD ya programu ilishapotea na aliyeiuza hapatikani. Chukua picha ya diski nzima, mfumo, dereva na mpangilio wote, kwa Clonezilla, ambayo ni ya bure na inawashwa kutoka kwenye flashi. Fanya hivyo wakati mashine ni nzima. Diski ya mwaka 2010 haitakupigia simu kabla ya kufa. Ikifa, unachomeka nyingine isiyopungua ukubwa wake, unarudisha picha, na jioni unatarizi.

Naweza kuiweka XP ndani ya kompyuta mpya?

Ndiyo, na kwa wengi ndiyo njia nzuri kuliko zote. Programu kama VirtualBox hutengeneza kompyuta ya kufikirika ndani ya kompyuta halisi. XP inakaa humo, unaizimia kadi ya mtandao kwa kuondoa tiki moja, na ikiharibika unairudisha ilivyokuwa jana kwa dakika moja. Kikwazo ni vifaa. Ufunguo wa USB kwa kawaida hupita. Ule wa tundu la printa ya zamani unasumbua, na kadi zilizochomekwa ndani ya ubao mama sahau. Jaribu kwanza kabla ya kuuza mashine ya zamani.

Linux nayo?

Kwa kazi za ofisi, inatosha. Linux Mint yenye mwonekano wa Xfce inakwenda vizuri kwenye mashine ya RAM ya GB 4, na matoleo ya 22 yanahudumiwa hadi mwaka 2029. Inahitaji prosesa ya biti 64, na karibu kila mashine ya mezani iliyouzwa baada ya 2008 inayo. Ukiweka SSD ndogo (diski ya kisasa isiyozunguka) badala ya diski ya zamani, utadhani umenunua kompyuta. Iwashe kwanza kutoka kwenye flashi bila kufuta kitu, ujaribu printa na skana yako. Hapo ndipo ndoa nyingi huvunjika. LibreOffice, programu ya ofisi ya bure, inafungua mafaili ya Word, ila barua yenye jedwali na nembo inaweza kuhama mistari, kwa hiyo ya kwenda kwa mtu itume kama PDF.

Nina Windows 10. Nami nimo?

Umo, ila una muda kidogo. Kwa watu binafsi Microsoft iliweka mpango wa viraka vya ziada hadi 13 Oktoba 2026, kwa dola 30, au bila malipo ukikubali kusawazisha mipangilio yako kupitia akaunti yao. Lazima uwe kwenye toleo la 22H2. Mashirika yanaweza kulipia hadi miaka mitatu, na bei hupanda kila mwaka.

Kuhusu kulazimisha Windows 11 kwenye mashine isiyo na chipu ya usalama iitwayo TPM 2.0 au yenye prosesa ya Intel ya kabla ya kizazi cha 8: inawezekana, mafundi wanafanya, na Microsoft inasema wazi haiahidi masasisho kwa mashine hizo. Kwa prosesa ya zamani kama Core 2 Duo usijisumbue. Tangu toleo la 24H2 Windows 11 haiwaki kabisa kwenye prosesa hizo, kwa sababu hazina amri ambazo mfumo unazidai.

Natunza nakala za vitambulisho vya wateja kwenye mashine hiyo. Kuna tatizo?

Kubwa. Folda la steshenari lenye skani za vitambulisho vya taifa, vyeti vya kuzaliwa na picha za pasipoti ni hazina ya tapeli wa mikopo ya simu. Tanzania ina Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika 1 Mei 2023, na Kenya ina yake ya mwaka 2019. Zote zinamtaka anayeshika taarifa za watu azilinde. Ukiulizwa ulizilindaje, "zilikuwa kwenye Windows 7 mezani" si jibu. Ukimaliza kumchapia mteja, futa mbele yake, kisha futa na kwenye kapu la taka.

Nimewasha asubuhi, mafaili yote yamebadilika mikia na kuna tangazo la kudai pesa. Nifanye nini?

Chomoa waya wa mtandao na kila diski ya nje, mara moja. Usilipe kwa papara, kulipa hakukuhakikishii ufunguo. Piga picha tangazo kwa simu. Kwa kutumia kifaa kingine nenda kwenye No More Ransom, mradi ulioanzishwa mwaka 2016 na Europol, polisi wa Uholanzi na kampuni za usalama wa kompyuta, upakie faili moja lililofungwa. Kwa baadhi ya virusi vya zamani funguo zilishapatikana na zinatolewa bure. Zikikosekana, itoe diski uitunze, maana ufunguo unaweza kupatikana baadaye, na upige mfumo upya kwenye diski nyingine. Usisafishe na kuendelea kana kwamba hakuna kilichotokea.

Nimeamua kuiuza. Nimeshafuta kila kitu, niko sawa?

Kufuta hakuondoi data, kunaondoa jina lake kwenye orodha. Hata kufomati kwenyewe kunategemea. Ile ya haraka haigusi data kwenye mfumo wowote. Ile ndefu, kuanzia Vista na kuendelea, inaandika sifuri kwenye diski nzima, lakini ya XP inakagua tu, data inabaki. Kwa hiyo diski ya XP itoe, ichomeke kwenye kompyuta mpya zaidi, ukafomati huko ile ndefu, ukalale, asubuhi ndipo umpigie mnunuzi. Ikiwa ni SSD, tumia programu ya mtengenezaji wake ya kuifuta yote. Na ule ufunguo uliochomekwa nyuma kwenye tundu la printa, uchomoe kabla mashine haijatoka mlangoni. Nimewahi kumfukuzia mtu hadi stendi ya mabasi kwa ajili yake.